Kamina Hakuna Ndege?

Kamina, Jumapili, 18 Januari 2026

Mpwa wangu mpenzi,

Huku sote wazima. Mama yako mguu unamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anausahau. Mvua imenyesha usiku kucha na njia ya sokoni imekuwa mto wa matope mekundu. Picha zako 43 zimefika. Zilinichukua siku mbili kuzifungua: siku moja ya kumngoja yule kijana wa paneli ya jua anichajie simu, siku ya pili ya kuungoja mtandao. Kisha nimezitazama moja moja, simu nimeiinua dirishani kama nilivyokuwa nikiinua filamu za wateja, ingawa simu haihitaji dirisha. Mkono una mazoea yake.

Nimefurahi, wala sikuvishi kilemba cha ukoka. Ile ya shakwe anayenyakua chips mkononi mwa mzee wa watu pale kwenye gati, nimemwonyesha kila aliyepita hapa, na jirani yetu amesema shakwe huyo angefaa kuwa askari wa barabarani. Lakini chini ya picha uliandika maneno haya: "Mjomba, huku pwani wako wengi hata wakati wa baridi. Afadhali nilikuja, maana Kamina hakuna ndege wa kupiga."

Nimeyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikatoka nje, nikasimama chini ya mlimao. Mara ya tatu nikatafuta kalamu, na ndiyo sababu unapata barua ndefu badala ya ujumbe wa sauti.

Nyuma ya nyumba, ule waya wa zamani wa simu usiopeleka tena neno lolote kwa mtu yeyote, asubuhi ya leo ulikuwa na mbayuwayu 61. Nimewahesabu mara mbili kwa sababu hawatulii. Hao ni mbayuwayu wa Ulaya, wenye koo jekundu na mgongo wa buluu inayong'aa kama mafuta juu ya maji. Walifika na mvua za kwanza, wakati kumbikumbi wanatoka ardhini na watoto wanakimbia na mabeseni. Wanaruka Sahara nzima, ndege mwenye uzito wa barua mbili tatu ndani ya bahasha, ili waje kula inzi wa Kongo. Ukiwapiga picha sasa hivi utasikitika: wamechakaa, mikia mifupi, mbawa zina mapengo. Hawaumwi. Wanabadilisha manyoya. Yale manyoya mawili marefu ya mkiani ambayo Wazungu huyasifu mwezi wa Mei yanaota huku, kwa chakula cha huku. Suti wanayokwenda kuolea Ulaya hushonwa Afrika, mpwa wangu, na mafundi wengine wako nyuma ya jiko la mama yako. Umekaa miaka 22 katika uwanja huu bila kuinua macho. Sikulaumu. Na mimi nilikuwa nikipita chini yao nikiwaza bei ya karatasi ya foto.

Sasa nije kwenye picha zako, maana uliniuliza swali la haki na unastahili jibu la haki.

Picha ya 17 ndiyo uliyoipenda kuliko zote, umeiwekea na moyo mwekundu. Vitwitwi kama mia wameruka pamoja kutoka kwenye mawe yanayoingia baharini, matumbo meupe yamegeuka upande mmoja kama kitambaa kilichokung'utwa. Nzuri, sikatai. Lakini mimi nimezoea kuuliza kilichotokea kabla kamera haijafumba jicho. Nani aliwarusha? Hakuna mwewe angani, hakuna mbwa. Ninaziona ncha za viatu vyako pembeni kabisa mwa picha ya 16.

Nikueleze ninavyoelewa mimi. Yule mnene mwenye miguu ya rangi ya chungwa, anayegeuza mawe kwa mdomo kama mama anayetafuta sarafu chini ya mkeka, hakuzaliwa hapo kwenu Oostende, Ubelgiji. Wengi wa hao mnaowaona huko majira ya baridi wametoka Greenland na kaskazini mwa Kanada. Wewe unalia kwamba vidole vinakufa ganzi, yeye amekuja hapo kuota joto. Mchana wenu wa Desemba una saa nane tu, na ndani ya saa hizo nane lazima ale cha kumpitisha usiku wa saa 16. Kila safari moja ya kuruka bure inachoma mafuta aliyoyatafuta jiwe kwa jiwe. Akirushwa na wewe saa tatu, na mtoto saa nne, na mbwa saa tano, hiyo si hesabu ya kuchekea. Mtu wa njaa humfukuzi mezani ili umpige picha akikimbia.

Haya sikuyatoa kitabuni tu. Mwaka 1986 nilisafiri hadi Dar es Salaam kutafuta karatasi na dawa za kusafishia picha, maana hapa zilikuwa zimekwisha kabisa. Treni hadi Kalemie, meli kuvuka Tanganyika hadi Kigoma, kisha reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Mtu wa bara, bahari sijawahi kuiona. Ilikuwa Desemba. Karibu na daraja la Selander maji yalikuwa yamekupwa, tope limeanikwa mbali hadi macho yanachoka, na juu ya tope vitwitwi wasiohesabika wanakimbia na kudonoa, kudonoa na kukimbia. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia na kamera yangu ya Yashica shingoni. Kila nikipiga hatua kumi, wao wanasogea hatua ishirini. Nikazama mpaka magotini. Nikarudi nimepakwa tope kama mfinyanzi, nimetumia filamu nzima ya picha 12, na katika zote 12 ndege ni vidoa kama mavumbi juu ya kioo.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa amekaa ukutani anatengeneza wavu. Alinitazama mpaka nilipomaliza ujinga wangu. Akasema, "Unawafuata wa nini, bwana? Maji yakijaa yatakuletea." Basi. Hakuongeza. Kesho yake nilikuja mapema, nikakaa chini ya ule ukuta, na bahari ikafanya kazi yote. Maji yalipanda pole pole, yakala tope kidogo kidogo, na ndege wakarudi nyuma, wakarudi nyuma, mpaka wengine wakasimama mbele yangu umbali wa chumba na sebule. Sikuinuka. Nilipiga picha tatu tu, na moja bado iko ukutani, unaijua, ile uliyodhani ni ya kuku.

Huko kwenu bahari ina desturi ile ile, mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Tafuta jedwali la kujaa na kupwa, libandike jikoni karibu na ratiba yako ya kazi za usiku. Fika kama saa mbili kabla maji hayajajaa. Chagua mahali ambapo jua liko mgongoni mwako, kaa chini, tena kaa chini kweli, tumbo liguse ardhi ukiweza, maana ndege anayepigwa kutoka juu anafanana na kitu kilichoanguka, na ndege anayepigwa macho kwa macho anafanana na mtu. Tandika mfuko wa plastiki chini yako. Kisha ngoja. Ila jambo moja: maji yakiisha kujaa, wakakusanyika, wakasimama mguu mmoja na kuficha mdomo mgongoni, hapo wamelala. Piga ulizo nazo, rudi nyuma kwa tumbo kama ulivyokuja. Watu wakikuona watacheka. Mimi mtaa mzima ulinicheka miaka 30 na studio ilinilisha.

Umeuliza kama ununue lenzi kubwa, ile inayogharimu mshahara wa miezi mitatu. Usinunue. Si kwa sababu ni mbaya. Ningekuwa kijana ningeuza baiskeli kuipata. Lakini nimetazama picha zako na tatizo si umbali. Tatizo ni kwamba umepiga 43 ndani ya saa moja, tarakimu za simu zinaniambia. Yashica ilikuwa na 12, na kila moja ilikuwa na bei, kwa hiyo kabla ya kubonyeza ulijiuliza kama ungeinunua wewe mwenyewe. Jaribu hivi: Jumamosi ijayo nenda ukiwa umejiwekea picha 12 tu. Ukizimaliza, kaa utazame kwa macho. Ukifanya hivyo wiki nne mfululizo na bado unaona ndege wako mbali, niandikie na nitakuchangia pesa ya lenzi, ingawa mama yako asijue.

Umelalamika pia kwamba shakwe wanatoka wamefifia kama majivu na ile theluji ya siku moja ikatoka rangi ya maji ya mchele. Hilo nimecheka kwa furaha, kwa sababu hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Kamera ni mashine aminifu lakini haina akili: inaamini kila kitu duniani ni kijivu. Ukiionyesha cheupe tupu inakipunguza kiwe kijivu, ukiionyesha cheusi tupu inakipandisha kiwe kijivu. Mimi nimepiga maharusi wa Kamina tangu enzi za Zaire: bibi harusi gauni jeupe pe, bwana harusi mweusi kama mimi ndani ya suti nyeusi, na wote wawili wanataka kujitambua. Ikiwa picha nzima ni nyeupe, mchanga na theluji na shakwe, ongeza mwanga hatua moja juu ya ile inayotaka kamera. Ikiwa ni kunguru mbele ya mwamba mweusi, punguza. Yangeyange mmoja mweupe mbele ya maji ya giza, punguza hasa, la sivyo atabaki kama tundu lililotobolewa kwa mkasi. Mama wa bibi harusi huwa hakusamehe ukipoteza kamba za gauni, na yangeyange ana kamba nyingi kuliko gauni lolote.

Mengine ni madogo. Betri inakufa haraka kwenye baridi, weka ya pili ndani ya nguo karibu na kwapa, uzibadilishe. Ukirudi ndani ya nyumba yenye joto usiifungue kamera hapo hapo, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, au kioo kitatoka jasho. Chumvi ya bahari ifute kwa kitambaa kibichi kidogo kabla ya kikavu. Na kofia vaa. Hayo ya kofia ni ya mama yako, amesimama nyuma yangu.

Mwanga mnao, mnachelewa tu kuuona. Jua lenu la Desemba hata saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi, kwa hiyo siku nzima ni kama ile nusu saa nzuri ya asubuhi tunayoipata sisi. Hapa mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba linasimama utosini kabisa, ndege anakuwa na kivuli cheusi usoni kama mwenye hatia, na fotografu mwenye akili saa hizo anakula bukari na sombe yake na kulala.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu wa rika lako. Nilikuwa na chumba changu cha studio karibu na reli, na dirishani niliweka picha zangu bora kuvuta wateja. Mwaka mmoja, msimu wa kiangazi, niligundua bundi katika ghala la zamani lisilotumika, bundi wale wenye uso mweupe wa umbo la moyo, jike na dume na makinda manne kama mipira ya pamba. Nilikwenda jioni tisa. Jioni ya tisa jike aliniletea panya mbele ya lenzi kana kwamba ananionyesha. Picha ilitoka kama ndoto. Nikaikuza, nikaiweka dirishani, nikajiona fundi.

Unajua watu wetu na bundi. Anayelia juu ya bati usiku ametumwa na mtu, na asubuhi mtu huyo anatafutwa. Kwenye picha nyuma ya bundi ilionekana boriti yenye namba iliyoandikwa kwa chokaa, namba ambayo kila aliyefanya kazi kule aliifahamu. Sikuiona mimi, niliona macho ya bundi tu. Siku ya tatu vijana walikwenda na majani mabichi na moto. Waliwafukiza. Asubuhi mmoja wao alinijia studio na bawa moja mkononi, anaomba nimpige nalo picha, na alikuwa tayari kulipa.

Sikumpiga. Lakini bawa lilikuwa limekwisha kung'oka.

Tangu siku ile kabla sijatazama ndege kwenye picha natazama nyuma yake. Simu yako na kamera yako zinaandika mahali ulipo bila kukuuliza, ndani ya picha yenyewe, na mtu anayejua anasoma kama alivyosoma yule kijana ile namba ya chokaa. Ukiwa na picha ya kiota, au ya ndege adimu aliyelala, zima kitu hicho kabla hujamtumia yeyote. Kiota ukipige kwa mbali au usikipige kabisa. Majani yanayokiziba usiyakate, yanaziba jua na yanaziba kunguru. Na flashi kwa ndege wa usiku iache nyumbani.

Ila usinielewe vibaya: mahali lazima paandikwe. Paandikwe kwenye daftari lako, sio kwenye dirisha la studio. Tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, ndege alikuwa akifanya nini. Picha zako zote 43 zinaitwa kwa namba za kamera, hata moja haina jina. Baada ya miaka kumi utakuwa na ndege elfu wasio na kwao.

Mfano ninao, na ni wa nchi yetu. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, James Chapin, akiwa kijana katika misitu ya Ituri, aliona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji ambao hakuweza kuujua ni wa ndege gani. Aliuhifadhi. Akazunguka, akazeeka, akaandika vitabu vikubwa vya ndege wa Kongo. Mwaka 1936, huko huko Ubelgiji uliko wewe, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, akakuta ndege wawili waliojazwa wamewekwa pembeni kwa miaka mingi, lebo ikisema ni tausi wa India wachanga. Aliutambua unyoya wake. Alikuwa tausi wa Kongo, ndege mkubwa kama kuku wa sikukuu, ambaye sayansi haikumjua kwa sababu mtu mmoja aliandika lebo kwa uvivu. Tervuren si mbali na wewe, kuna siku utakwenda. Ukifika, soma lebo kwanza.

Na kuna mwingine wa karibu zaidi, wa mkoa wetu huu. Chapin huyo huyo, mwaka 1928, mwaka ule ule reli kutoka Bukama kupita hapa Kamina ilipofika Ilebo, alimpa jina kindege mmoja mla mbegu za nyasi, mdogo kama kidole gumba, anayeishi kwenye nyasi za mabonde ya Lualaba upande wa ziwa Upemba. Anafanana mno na yule wa kawaida mwenye utepe mwekundu machoni ambaye kila mtoto wa hapa amemtega kwa ulimbo, mimi nikiwa wa kwanza. Tofauti ni kwamba yule wa Upemba, kati ya jicho na mdomo, ni mweusi badala ya mwekundu. Alionekana mwaka 1950, na baada ya hapo ikapita miongo na miongo bila mtaalamu kuandika kwamba amemwona tena. Hebu fikiri. Wavuvi wanapita na mitumbwi kila siku, watoto wanatega kila siku, treni inapita. Huenda bibi mmoja wa Bukama alimkaanga akamla na familia yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye picha moja kali ya upande wa uso, na tarehe nyuma yake.

Ndiyo maana maneno yako yalinitoa nje hadi mlimaoni. Oostende, kwenye ule mstari wa tramu yenu wa kilomita 67 ufuoni, sidhani kama kuna shakwe ambaye hajapigwa picha na watu wawili kwa pamoja. Huku kuna ndege ambaye picha yake ingekuwa habari.

Umesema utakuja Julai. Vizuri, hiyo ndiyo baridi yetu. Asubuhi utaona moshi wa pumzi yako, utadhani umebeba Ulaya ndani ya sanduku. Mbayuwayu hawa hutawakuta, watakuwa kwenu wanalea. Mavumbi yatakuwa kila mahali, lete kitambaa na ile mifuko midogo ya chembechembe inayokaa kwenye maboksi ya viatu, usiitupe. Alasiri nyika itakuwa inaungua, na hapo nitakuonyesha kitu ambacho hakipo Oostende. Ukingoni mwa moto, mbele ya moshi, mwewe wanazunguka kama majani makavu, mramba mweusi mwenye mkia wa mkasi anaingia na kutoka, kambu anashuka na rangi zake zote kumdaka panzi anayekimbia. Jua likipita ndani ya moshi ule linakuwa kama taa ya chungwa. Simama upande upepo unakotoka, tena kwenye sehemu iliyokwisha kuungua, usijifanye shujaa. Hapo ndipo utakapohitaji kasi, moja ya elfu ya sekunde au zaidi, na hapo sitakuhesabia 12.

Uwanjani hapa hapa kuna chozi anayekuja kwenye maua ya mshubiri saa moja asubuhi, kila siku, mpaka naweza kurekebisha saa kwa ajili yake. Kuna kiluwiluji mweusi na mweupe anayetembea kwenye bati akitikisa mkia kama mkaguzi wa treni. Shore watakuamsha. Fumbwe dume atakuwa hana mkia wake mrefu, anauvua kiangazi, na ukimwona utapita ukidhani ni shomoro. Mtambue hivyo hivyo akiwa na nguo za kazi.

Kabla hujatoa kamera mtaani tutapita kwanza kwa chefu wa mtaa, tumsalimie, tumwonyeshe picha za shakwe. Stesheni usiielekezee lenzi, wala uwanja wa ndege, wala upande wa Base ya jeshi, hata kama juu yake amekaa tai mwenyewe. Kamera kubwa huku mbele ya askari ni bunduki ya mpelelezi, na maelezo yako kuhusu manyoya hayatamridhisha. Tukifika Bukama, ndege wote wa darajani ni wako kwa macho tu.

Kisha, mguu wa mama yako ukiruhusu tumwache peke yake siku nne, tutateremka kwenye mabwawa. Kuna mbuga ya Upemba pale, iliyotangazwa tarehe 15 Mei 1939, na miaka ya 1946 hadi 1949 Wabelgiji waliipitia mmea kwa mmea na ndege kwa ndege. Lakini mimi sina haja ya geti la mbuga. Nataka mtumbwi na mvuvi asiyependa kuzungumza. Kwenye mafunjo ya kule anaishi korongo nyangumi, mrefu wa kufika kifuani mwako, wa rangi ya jivu, mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Nilimwona mara moja maishani. Alisimama bila kutikisika muda ambao mvuvi alivuta sigara mbili nzima. Nilikuwa na picha moja imebaki kwenye filamu. Nilingoja ageuze kichwa, na alipogeuza, mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, sikubonyeza. Sijui kama ni majuto. Nakuambia ili ujue kwamba anayekupa nasaha hizi ana picha moja ya kitwitwi ukutani na hana ya korongo nyangumi.

Mvua imeanza tena. Wale wa kwenye waya wamejikunyata, wamegeukia upepo wote kwa pamoja. Nimeanza ukurasa mpya wa daftari kwa ajili yao: 18 Januari, saa moja asubuhi, Kamina, nyuma ya jiko, 61. Mwezi wa Machi wataanza kupungua. Nitakuandikia siku nitakayoamka nikute waya mtupu. Na wewe, hapo Oostende au popote tramu yako inapopita shamba lenye ng'ombe, uniandikie siku utakayomwona wa kwanza, saa ngapi, na mkia wake una urefu gani.

Mjomba wako